Gurudumu Lichezalo na Dhima ya Kujua

Miongoni mwa maneno ambayo wauzaji wa magari yaliyokwisha kutumika huyatamka kwa wepesi kuliko yote ni neno moja fupi, "sijui". Nalo husemwa hasa pale mnunuzi, baada ya kuliendesha gari masafa machache na kuhisi usukani ukimtetemeka mikononi, anapouliza gurudumu la mbele lina nini. Muuzaji hasemi uongo. Hakika hajui: hakuliinua gari kwa jeki, hakulishika tairi kwa mikono miwili akalitikisa, hakumwita fundi, na ukimwapisha kwa Msahafu au kwa Biblia kwamba haitambui kasoro iliyomo katika gurudumu lile, ataapa, na kiapo chake hakitakuwa na uwongo ndani yake. Swali ninalotaka kulitazama ni kama ukweli wa namna hiyo wamtosha mtu kulala na dhamiri safi. Yaani, je, kutojua ambako mtu amekuchagua mwenyewe, ilhali kujua kulikuwa karibu naye kadiri ya urefu wa mkono, kwaweza kumwondolea dhima ya lile litakalotokea barabarani?

Naliuliza swali hili nikiifikiria Nyarugusu, ile ya Wilaya ya Geita yenye machimbo, wala si kambi ya wakimbizi iliyoko Kigoma yenye jina hilo hilo, ambayo ndiyo isikikayo zaidi redioni. Nyarugusu ya Geita huishi kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo, na dhahabu ina desturi yake katika kugawa riziki: mtu ambaye duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, halikumpa kitu kwa miezi mingi hufikia siku moja akakutana na mbale, yaani mawe ya dhahabu, yenye mali, akaipeleka kwenye karasha ikasagwa, akaosha, akakamata kwa zebaki, akachoma, na kabla mwezi mwingine haujaandama amekuwa mwenye gari. Kisha mwamba hukata, fedha ikaisha, pampu ya maji ikadai mafuta na watu wa shimoni wakadai posho, na gari lile lile likatolewa kuuzwa ili duara liendelee kuchimbwa. Kwa hiyo gari katika mji wa namna hii ni akiba kabla ya kuwa chombo cha safari, na hupita mkono kwa mkono likiufuata mwendo wa duara, wala si mwendo wa umri wake. Lilitumika Japani miaka kadhaa, likashuka bandarini Dar es Salaam, likakaa Mwanza kwa mmoja na Geita kwa mwingine, na katika mikono yote hiyo hapakuwa na mtu aliyekaa nalo muda wa kutosha kuyajua maradhi yake. Kila mmoja alirithi gari bila kurithi habari zake.

Lililo ajabu ni kwamba watu hao hao, linapokuja suala la dhahabu yenyewe, hawakubali neno "sijui" hata kidogo. Tangu soko la madini lilipofunguliwa Geita mwaka 2019, na hata kabla yake, hapana gramu iliyopita kutoka kiganja kimoja kwenda kingine bila mizani, bila moto, bila macho ya pande mbili kuikazia. Mchimbaji atakayeambiwa na mnunuzi kwamba usafi wa dhahabu yake haujulikani, na kwamba aipokee bei kama ilivyo, ataichukua dhahabu yake na kuondoka. Kipimo kinadaiwa pale ambapo hasara ni ya fedha peke yake. Gari litakalopakia watu wanane na mizigo yao, likawa mchomoko, yaani gari la abiria, wa kwenda mji wa Katoro, hutosheka na kuzungukwa mara moja, kupigwa teke katika tairi, na kufunguliwa boneti ili watu wasiojua injini waitazame injini. Ikiwa kiooni pamebandikwa stika ya Nenda kwa Usalama, basi mazungumzo hufupishwa zaidi, ijapokuwa stika haina ushahidi wa siku nyingine yoyote ila ile iliyobandikwa.

Sasa tumtazame fundi, kwa kuwa hukumu ya swali letu imefungamana na kazi yake. Fundi wa chini ya mti, asiyekuwa na mashine ya kupigia balansi wala chombo cha alaimenti, anayo elimu ya kuzitafuta sababu ambayo wanafalsafa wangeistahi lau wangeinama kuitazama. Haanzi kwa spana, huanza kwa kuuliza. Huuliza gari hutetemeka katika mwendo gani. Kwani mtetemo unaozuka gari linapofika kilomita 80 au 90 kwa saa, kisha ukapungua mwendo unapopita hapo, aghalabu ni wa uzito usiolingana katika gurudumu, jambo linaloponywa kwa vipande vidogo vya risasi vinavyopachikwa ukingoni mwa rimu. Na kuyumba kunakoonekana gari likienda mwendo wa baiskeli, usukani ukivutwa huku na huku, ni habari nyingine na nzito zaidi, kwa maana huashiria rimu iliyopinda, au tairi ambalo nyuzi zake za chuma zimeachana ndani ilhali mpira wa nje ungali unang'aa, au, lililo la hatari kuliko yote, nati zilizolegea. Huuliza kama mtetemo huja pale breki inapokanyagwa tu, ndipo aelekeze shaka yake kwenye diski. Huuliza kama kuna mngurumo, na kama mngurumo huo huzidi gari likikata kona ya kulia na kufifia likikata ya kushoto, kwa sababu uzito wa gari huegemea upande wa nje wa kona, na beringi iliyochakaa hulalamika inapoelemewa.

Baada ya maswali huja macho. Wakati wa mvua fundi mwenye busara huchungulia kwanza upande wa ndani wa rimu, ambako udongo wa njia za machimboni hujishikiza ukakauka na kuwa mzito, akaukwangua na kuosha, na mara nyingine maradhi yote yakaishia hapo, mwenye gari akashangaa kwamba ametozwa fedha ya ndoo ya maji. Hukaza nati kwa mpango wa kurukia upande wa pili, ili rimu ilale sawa. Ndipo lije jeki. Gurudumu likiwa hewani, huweka mkono mmoja juu na mmoja chini, akasukuma na kuvuta; likicheza, humwamuru kijana wake aikanyage breki, naye hurudia; mchezo ukitoweka, kwa kuwa breki imelifunga gurudumu lisitikisike juu ya beringi yake, basi beringi ndiyo yenye lawama; ukibaki vile vile, lawama yahamia kwenye boljointi. Kisha mikono huwekwa kushoto na kulia, na mchezo unaoonekana hapo bila kuonekana juu na chini ni wa tairodi. Husimamisha msumari juu ya jiwe karibu na ukingo wa rimu, akalizungusha tairi polepole na kuuangalia mwanya ukipanuka na kupungua. Na ikiwa shaka ingaliko, huyahamisha magurudumu ya mbele yakawa ya nyuma. Mtetemo ukitoka katika usukani ukahamia katika kiti, ajua ugonjwa husafiri na gurudumu lenyewe, na mtetemo ukibaki palepale, ajua viungo vya mbele ndivyo vigonjwa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa makusudi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huchukua muda usiozidi ule wa kuinjika chai na kuinywa, na vifaa vyake ni jeki, mikono miwili, msumari na kijana wa kukanyaga breki. Mtu atakayesema kwamba hakujua kilichomo katika gurudumu lake hawezi kusema kwamba kujua kulikuwa muhali, wala kwamba kulikuwa ghali. Awezalo kusema ni kwamba hakupenda.

Na kutopenda huko kuna sura yake ambayo kila fundi ameiona. Gari hufikishwa kwake asubuhi ya siku ya kuuzwa. Fundi huushika usukani, hulisogeza mbele na nyuma, akasema, "Bosi, hapa mbele kuna kitu. Tuliinue tulitazame?" Naye mwenye gari, akitazama simu yake, hujibu, "Achana nalo, fundi. Nikazie nati tu, kuna mtu ananisubiri." Mtu huyu hajamdanganya yeyote bado. Ameilinda "sijui" yake isije ikaharibiwa na jeki.

Wanazuoni wa dini walilijua soko kabla ya magari, na hawakumwachia muuzaji nafasi kubwa kama anavyodhani. Yajulikana na kila mwanachuoni wa madrasa kisa cha Mtume alipopita sokoni kwenye fungu la nafaka, akauingiza mkono wake ndani na kukuta unyevu chini ya ukavu wa juu, na mwenye nafaka akajitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Naye akamwuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu ambapo watu wangeuona, na akamtoa katika umma wake kila afanyaye ghushi. Aghalabu kisa hiki husomwa kwa ajili ya hukumu yake ya mwisho. Mimi hukisoma kwa ajili ya ule mkono. Juu palikuwa pakavu, na hapana aliyelalamika. Lakini mkono uliingia.

Kisa kilicho karibu zaidi na jambo letu ni kile alichokihifadhi Imamu Malik, aliyefariki Madina mwaka 795, juu ya Abdullahi bin Umar, mwana wa khalifa wa pili. Abdullahi aliuza mtumwa, kwa maana zama zile binadamu naye alikuwa na bei, kwa dirhamu 800, akashurutisha kwamba amejitoa katika dhima ya kila kasoro. Yaani aliuza kama alivyo, kwa lugha ya madalali wa leo. Mnunuzi alipoona maradhi alishitaki kwa Khalifa Uthman, na Uthman hakumwuliza Abdullahi kama sharti lilikuwapo, kwa kuwa lilikuwapo. Alimtaka aape kwamba alimwuza hali hajui kuwa ana ugonjwa. Abdullahi alikataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake. Na mtumwa akapona mikononi mwake, akamwuza baadaye kwa dirhamu 1,500. Wengi hukueleza kukataa kule kwa kicho cha mchamungu mbele ya jina la Mwenyezi Mungu, nami silipingi elezo hilo, ila naona linamfanya mtu yule kuwa mwoga wa kiapo tu. Yamkini aliiona tofauti ambayo khalifa, kwa kazi yake ya uhakimu, hakuweza kuichungua: kwamba baina ya kujua na kutojua ipo hali ya tatu, nayo ni kuwa na shaka na kuiacha ilale. Mtu aliye katika hali hiyo akiapa kwamba hajui, ameapa juu ya neno, na maana imebaki nje ya kiapo.

Mafakihi wa Kishafii, ambao ndio wafuatwao na Waislamu wengi wa pwani yetu na wa miji ya bara iliyopokea dini kutoka pwani, waliliwekea sharti hilo mpaka mwembamba mno. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, hukumu iliyo na nguvu ni kwamba muuzaji aliyeshurutisha kujitoa katika dhima hutoka kwa kasoro ya batini, iliyomo katika mnyama, ambayo yeye hakuijua. Na sharti hilo halimtoi katika kasoro nyingine yoyote. Hoja yao ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, tabia zake hubadilika, na mara nyingi ugonjwa wake hauonekani mpaka umemlaza. Walakini nguo ni nguo, ikikunjuliwa tundu lake laonekana. Je, gari ni mnyama au ni nguo? Latembea, languruma, lachoka, na walio nalo hulisemesha linapokataa kuwaka. Hata hivyo mwilini mwake hamna siri isiyofunguka kwa spana. Kama hivyo ndivyo, basi kwa kipimo cha mafakihi wale karatasi ya mauziano iliyoandikwa "nimeuza kama lilivyo" haina nguvu ambayo madalali huipa, na muuzaji wa Nyarugusu hutolewa katika kivuli cha mnyama na kusimamishwa juani pamoja na wauza nguo.

Upande wa Kikristo, ambao ndio wenye wafuasi wengi katika nchi ile ya Wasukuma na Wazinza, hoja hupita njia nyingine na kufika karibu na hapo hapo. Torati, katika Kutoka sura ya 21, hutofautisha ng'ombe aliyempiga mtu pembe akamwua kwa ghafula na ng'ombe ambaye alikuwa na mazoea hayo na mwenyewe ameonywa asimfunge. Wa kwanza mwenyewe hana hatia, na wa pili hatia humfikia mwenyewe hata kufa. Kinachobadilisha hukumu ni onyo, na hapana anayemwuliza mwenye ng'ombe kama alikuwa na yakini kwamba ng'ombe wake ataua siku ile. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alikwenda mbele zaidi alipokugawa kutojua katika mafungu, akaliweka kando lile ambalo mtu hulitaka makusudi ili afanye apendalo bila kukerwa, akasema kwamba kutojua huko hakupunguzi kosa, bali hulizidisha. Yeye pia ndiye aliyefundisha kwamba muuzaji wa farasi kiwete au nyumba inayotaka kuanguka ni lazima aiseme kasoro iliyofichika, na kwamba iliyo dhahiri, kama farasi mwenye chongo, si lazima aitaje, kwa kuwa mnunuzi naye ana macho.

Hapo ndipo muuzaji wetu hukimbilia. "Umeliendesha mwenyewe," humwambia mnunuzi anayelalamika, "umeusikia mtetemo kwa mikono yako, mimi nilikuficha nini?" Na kwa nusu ya hoja yake ana haki. Mtetemo ni dhahiri. Sababu ya mtetemo ni batini. Ametoa alama, akaizuia maana. Na kwa kuwa alama moja yaweza kubeba maana ya udongo uliokauka katika rimu, ambao ni kazi ya ndoo ya maji, au maana ya boljointi inayokaribia kuchomoka gari likiwa katika mwendo, mnunuzi aliyepewa alama peke yake huipa ile maana iliyo nyepesi, kwa sababu tayari amelipenda gari na fedha i mfukoni. Fauka ya hayo, katika njia za vumbi za Nyarugusu hata udhahiri wa alama una shaka: barabara yenye matuta madogo madogo yaliyochorwa na malori hulitetemesha gari zima na bovu kwa usawa, na muuzaji mwerevu huichagua njia hiyo kwa majaribio na kuikwepa lami. Anayechagua barabara ya kujaribia anajua zaidi ya anavyokiri.

Mwingereza William Kingdon Clifford, mwanahisabati, aliliandikia jambo hili makala mwaka 1877, naye mfano wake ulikuwa wa mwenye meli kongwe anayekaribia kuipakia wahamiaji. Watu wamemtia shaka kwamba yataka kufanyiwa matengenezo, naye huisongasonga shaka hiyo moyoni, hujikumbusha safari nyingi ilizokwisha kwenda salama, humtegemea Mungu, hata akaamini kwa moyo mweupe kwamba meli ni nzima. Ikaondoka, ikazama, akapokea fedha ya bima. Clifford, ambaye mwenyewe aliponea katika chombo kilichovunjika pwani ya Sisilia mwaka 1870, alihukumu kwamba imani ya mtu yule, ingawa ilikuwa ya kweli, hakuwa na haki ya kuwa nayo. Tena akasema kwamba meli ingefika salama hatia yake isingepungua hata chembe. Mtu wa Kanda ya Ziwa hawezi kuisoma makala hiyo bila kuikumbuka MV Bukoba, meli ya kubeba abiria 430, iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa na watu wengi kupita kiasi hicho, wakafa mamia kwa mamia. Sitaki kuufanya msiba wa kweli kuwa kielelezo cha makala ya mtu; wafu wale wana haki ya kuachwa katika habari yao wenyewe. Nasema tu kwamba kwetu neno la Clifford halisomwi kwa utulivu uliomo vitabuni.

Pana hoja ya upande wa pili ambayo sipendi kuipita kwa dharau, nayo ni kwamba kujua hakuna mwisho. Gari lililotembea kilomita laki mbili lina kasoro katika kila kiungo, na lau tungemlazimisha kila muuzaji azichimbue zote kabla ya kuuza, hapana maskini atakayeuza wala maskini atakayenunua. Gari la fedha kidogo ni gari lenye mashaka, na bei yake ndogo ndiyo malipo ya mashaka hayo. Hoja hii ni ya insafu, na sheria yenyewe yaielekea: Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, tuliyoirithi kutoka zama za Waingereza, hupunguza kinga ya mnunuzi aliyekagua bidhaa katika mambo ambayo ukaguzi ule ungemfunulia. Lakini tazama ni wapi hoja hii hufika na ni wapi hukoma. Humtoa muuzaji katika dhima ya kasoro isiyokuwa na alama, na humtoa katika dhima ya kupima lililo ghali kupimwa. Haimtoi pale alama ilipokwisha kujitangaza na kipimo chake ni jeki. Na hata pale, bado anao mlango wa kutokea usiomgharimu senti: aweza kusema, "Linatetemeka kuanzia mwendo fulani, tangu lini sikumbuki, fundi alitaka kuliinua nikamkataza, na bei nimeipunguza kwa ajili hiyo." Aliyesema hivyo naye amesema hajui, lakini amekabidhi shaka yake pamoja na funguo, na mnunuzi aweza kwenda nayo kwa fundi wa kuchagua mwenyewe.

Anabaki fundi, ambaye hali yake ni ngumu kuliko ya wote, kwa kuwa yeye anajua, au angalau ameshuku kwa elimu. Gari lile lile alilokatazwa kuliinua asubuhi hulipita jioni likiwa na mwenyewe mpya. Aseme? Kisa cha sahaba Wathila bin al-Asqa kimehifadhiwa na Imamu Ghazali katika kitabu chake, Ihyaa: ngamia aliuzwa kwa dirhamu 300 mbele yake, mnunuzi akaondoka naye, na Wathila, aliyekuwa ameghafilika kidogo, akamkimbilia akimwita na kumwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Mtu alipojibu kwamba ni kwa kupanda, Wathila alimwambia kwamba katika unyayo wa ngamia yule ameona tundu, na kwamba hataistahimili safari. Mnunuzi akarudi, muuzaji akapunguza dirhamu 100, kisha akamlalamikia Wathila kwamba amemharibia biashara. Naye akamjibu kwamba walimpa Mtume ahadi ya kumnasihi kila Mwislamu. Napenda zaidi swali lake kuliko jibu lake. Hakupiga kelele sokoni kwamba ngamia ni mbovu. Aliuliza kwanza matumizi, kwa maana tundu la unyayo si kitu kwa mchinjaji. Vivyo hivyo gari linalonunuliwa ili likatwe vipuri, fundi ana ruhusa ya kunyamaza juu ya gurudumu lake. Linalokwenda kupakia abiria, hana. Najua kwamba madalali wa mji mdogo hukumbuka, na kwamba fundi anayesema hupoteza wateja ambao wangemlisha. Wathila naye alilalamikiwa, na walioandika habari yake hawakutwambia kama muuzaji yule alipata kumsalimu tena.

Tuchukulie sasa kwamba mnunuzi amefika Katoro, fundi wa huko ameliinua gari, beringi imeonekana imekwisha, na mtu anataka kulirudisha Nyarugusu na kudai fedha yake. Imamu Nawawi ni mkali hapa: haki ya kurudisha yataka haraka, na aliyekwisha kuijua kasoro kisha akaendelea kukitumia kitu ameiridhia, hata kuliacha tandiko mgongoni mwa mnyama baada ya kujua ni matumizi, na huibatilisha haki yake. Amemwachia udhuru mmoja tu, nao ni wa kumpanda mnyama mkaidi ambaye ni shida kumwongoza kwa kamba au kumswaga. Gari lenye beringi mbovu, mahali pasipokuwa na lori la kulivuta, nadhani limo katika udhuru huo, ikiwa fundi amehakikisha kwamba gurudumu litaistahimili njia. Basi na aliendeshe kwa mwendo wa kutambaa, taa za hatari zikiwaka. Na watakaomwashiria njiani wakitaka kupakiwa awaache wasimame, kwa maana nauli ya abiria mmoja itakuwa tayari ni tandiko.